Mahindi ya Mgeni Katika Mifuko ya Utafiti

Ripoti ya mwisho ya utafiti ule wa mahindi inasema kwamba wakulima wa upande wetu wa Kasikeu "hawakutoa ushirikiano wa kutosha". Si kweli. Kwa kuwa nilikuwapo, na sahihi yangu imo katika fomu zao, ninaandika mambo kama yalivyotokea.

Nilikuwa nimeshastaafu idara ya kilimo watafiti waliponiomba niwatembeze katika nyumba walizozichagua kwa kura kutoka orodha ya kijiji. Mwaka ule mvua ilitukuta mahindi yakiwa bado shambani, na wengi waliyaingiza stoo yakiwa na unyevu. Swali lao lilikuwa moja: je, mahindi yanayoliwa na familia yana sumukuvu, ile sumu ya kuvu isiyo na harufu wala ladha, inayolila ini la mtu naye hajui? Mpango wao ulikuwa mzuri. Mtafiti angeingia stoo, achome kila gunia kwa bambo, yaani kile chuma chenye mfereji, juu, katikati na chini. Kisha achanganye punje na kujaza mfuko mmoja. Niliusoma mpango huo mara mbili, nikaridhika.

Nyumba ya nne katika orodha ilikuwa yangu. Mke wangu aliwaketisha sebuleni, akawapa chai. Mtafiti, binti mwenye heshima, aliposema wamekuja kuchukua mahindi kidogo, mke wangu aliinuka mwenyewe. Kwetu mgeni haingizwi stoo akainamie magunia. Akarudi na ungo wa mahindi meupe, makavu, yaliyopepetwa.

"Jamani mama, mahindi mazuri hivi!"

"Ulitaka nikupe mabaya ukanitangaze Nairobi?"

Tulicheka sote. Bambo likabaki ndani ya mkoba. Binti aliandika namba kwenye mfuko, nami nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba sampuli imechukuliwa kama mpango unavyoelekeza. Katika nyumba nyingine zote mambo yalikwenda vivyo hivyo: kiti, chai, ungo. Na kila mahali nilitia sahihi. Sina wa kumsingizia.

Majibu yalisomwa kwenye baraza la chifu: mahindi ya kijiji ni salama. Mke wangu, ambaye kwa hofu ya ule unyevu alikuwa akipika unga wa dukani, alifungua gunia letu siku hiyo hiyo.

Wiki tatu baadaye niliingia jikoni nikamkuta akichagua mahindi ya kutwanga muthokoi, yale ya kukobolewa tunayopika na maharagwe. Punje nyingi zilikuwa na rangi ya majivu. Nikauliza kama hayo ndiyo aliyowapa watafiti.

"Haya? Mzee, una homa? Wale niliwapukuchulia ya mbegu." Akaelekeza mwiko juu, kwenye mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko, yakikaushwa na moshi. "Si yote yametoka shamba moja?"

Kama kila nyumba ilifanya hivyo, maabara ilikuwa imepima mbegu za kijiji kizima, na sisi tukawatangazia watu kwamba chakula chao ni salama.

Kesho yake nilizipitia nyumba zote za orodha. Niliuliza swali moja, mahindi waliyopewa watafiti yalitoka wapi, kwa maneno yale yale, bila kueleza ninatafuta nini, maana mtu akijua jibu unalolitaka atakupa kwa adabu ile ile aliyompa nayo mgeni ungo. Susu mmoja, bibi kizee aliyemzidi mama yangu umri, alinikaripia.

"Wewe mtoto, ningempa mgeni hayo ya gunia, ambayo hata kuku wanayakataa?"

"Na wewe unakula yapi, Susu?"

"Hayo hayo ya gunia. Si mlisema hayana neno?"

Nyumba nyingine nazo zilijibu hivyo hivyo, nikaenda ofisini kwa watafiti na maelezo yangu yameandikwa kwa mpangilio. Kijana aliyenipokea hakufungua hata ukurasa wa pili.

"Mzee, data ilishafungwa. Nenda upumzike, ulee wajukuu."

Miaka yangu yote ya utumishi sikupata kumjibu mwananchi hivyo. Niliazima bambo kwa mwenzangu wa zamani, nikaomba ruhusa kwa wenye nyumba, nikaingia stoo moja baada ya nyingine. Nilichoma juu, katikati na chini, nikapeleka mifuko maabara nyingine. Kisha tukangoja, sisi wawili tukila unga wa dukani tena. Katika siku hizo mke wangu alianza kulalamikia tumbo. Kila asubuhi nilimtoa uani kwenye mwanga nikatazama weupe wa macho yake kama umegeuka manjano.

"Unanikodolea hivi, unataka kunioa mara ya pili?"

Kuna asubuhi niliona manjano, na dakika ile ile sikuyaona. Hapo nilitambua kwamba sikufaa tena kuwa mpimaji, kwa kuwa niliogopa mno jibu.

Majibu yalipokuja, gunia letu lilikuwa limepita kiwango kinachoruhusiwa, na la Susu lilizidi letu. Jumapili, mchungaji aliponiruhusu kusema, nilisimama nikaeleza habari ya sahihi zangu na ya majibu hayo mapya, na wiki hiyo tukafukia mahindi ya magunia. Nilimpigia mtaalamu wa maabara, mke wangu akaichukua simu mkononi mwangu.

"Na yale niliyokwisha kula, mwanangu?"

"Mama, kipimo chetu ni cha mahindi tu. Nenda hospitali wakupime ini."

Tulikwenda. Muuguzi alimtoa damu, akafungua faili, akamuuliza amekula mahindi hayo tangu lini. Mke wangu hakumtazama muuguzi, alinitazama mimi.

"Tangu waliposema ni salama," akajibu. Muuguzi akayaandika maneno hayo jinsi yalivyo, akatuambia turudi baada ya siku nne kuchukua majibu.