Susu Alipojifanya Nguchiro

Tangu nguchiro ambebe mama yao mchana kweupe, vifaranga kumi na watatu wa susu, yaani nyanya yangu, walikuwa wakilala naye jikoni. Walianza kwenye katoni ya sabuni kando ya jiko. Walipoota manyoya wakahamia kitandani kwake, maana susu hulala hapo hapo. Anasema nyumba ya mabati ni baridi na ni ya wageni.

Shida ilikuwa kifua chake. Alikohoa hadi akashika ukuta. Daktari wa kliniki alisema vumbi la kuku litammaliza, lazima watoke. Susu akanigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyesomea udaktari.

"Wakaliwe huko nje ndio ufurahi?"

Basi likizo ya Aprili ikaniishia kwa misumari. Nikajenga nyumba ya kuku yenye miguu mirefu, sakafu ya mbao na waya wa matundu madogo pande zote. Nikajisifu, "Susu, hata mimi nikifungiwa humu sitoki."

"Wewe hata kitandani hutoki."

Akajifunga leso, akapiga magoti, akakunja mkono wa sweta. "Mimi ni nguchiro. Ingiza kichwa, uwe kuku."

Nikaingiza, akanirudishia mlango hadi shingoni. Nilikuwa naanza kuwika ili nimchekeshe, nikasikia vidole vimepenya chini ya mlango na kunifinya sikio.

"Umeliwa," akasema. Nilicheka peke yangu. "Yule mama yao alivutwa kwa nafasi kama hii. Nilibaki na manyoya mkononi."

Nikapigilia ubao chini ya mlango. Akarudi, akapapasa kila kona mpaka waya ukamkubalia kidole kimoja tu, tena kwa shida. "Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi kuuza shamba.

Mchana tuliwahamisha, wakala, wakachakura. Jua liliposhuka wakatoka wote, wakapanga foleni mbele ya mlango wa jikoni kama wanafunzi waliochelewa. Susu alikuwa ndani, amefunga komeo kama tulivyokubaliana. Wakalia. Nikamsikia, "Msiniite mimi. Nendeni kwenu." Kisha kikohozi, kirefu.

Mzaha uliniisha. Niliwabeba wawili wawili ndani ya shati la shule, nao wakalipaka kinyesi walivyotaka. Nilipofunga mlango wao bado walikuwa wakilia, wamejibana upande unaotazama jikoni. Komeo la jikoni likalia. Susu akaja polepole, akasimama kwenye waya, akaanza kuwaita kwa ile sauti ndogo ya kuwapa chakula. Hakuwa na chakula. Wakamsogelea, wakalaliana, mmoja baada ya mwingine wakanyamaza. Hakuondoka mpaka wa mwisho alipofumba macho.

Asubuhi niliwahesabu mara mbili: kumi na watatu. Nikampelekea susu habari na chai.

"Umelala vizuri?"

"Nani alale? Jikoni kumekuwa kimya kama kwa wafu."

Akalalamika kuhusu hicho kimya, na sukari yangu, na shati langu. Tulimaliza birika zima ndipo nikagundua hajakohoa hata mara moja.

Jioni hiyo nilihamishia godoro langu jikoni kwake. Anasema nanuka kuliko kuku wote wakijumlishwa. Lakini nilipojifanya naondoka, aliniambia nifunge komeo kwa ndani.