Madoadoa ya Anglia ya Zedekiah

Tangazo kwa wananchi wote wa Kabiria na vitongoji vyake, na hasa kwa yeyote mwenye nia ya kuoa kabla mwaka huu wa 1971 haujafunga milango: gari aina ya Ford Anglia, jeupe, mali ya Bwana Zedekiah Khisa, limeshikwa na kutu. Madoa ni madogo, ya rangi ya chai kavu, nayo yametapakaa kwenye boneti na paa kama tetekuwanga. Serikali imearifiwa na haikushtuka. Wachumba wanaombwa wavumilie, au waende kanisani kwa miguu kama wazazi wao.

Hivyo ndivyo redio ingetangaza kama redio zingekuwa na haki, na Zedekiah angeisikiliza akiwa amelala chali, akitabasamu. Kwa maana hakuna aliyeyafurahia madoa yale kama mwenye gari mwenyewe.

Mwelewe mtu huyu. Siku tano za juma aliendesha gari la mikate. Majogoo wa Kabiria wakiamka walikuta ameshapita. Alishusha kreti River Road, akashusha kreti Government Road, kisha akapanda magharibi duka kwa duka mpaka Kinoo, ambako wenye maduka walimlaki kwa salamu ile ile: "Mkate wa jana ulikuwa mgumu." Kana kwamba yeye ndiye aliyeuoka. Jumapili ilikuwa ya Mungu, na mchungaji wao hakuwa mtu wa kumwachia Mungu apumzike mapema. Ikabaki Jumamosi. Zedekiah hakuomba mbingu wala shamba la mlowezi. Aliomba alale Jumamosi mpaka jua limkute kitandani na limwombe radhi.

Lakini alikuwa na gari, tena jeupe. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Lavington ambaye zamani alikuwa dereva wake, siku Mzungu huyo alipofunga virago kurudi kwao. Chama cha watu wa nyumbani, ambacho kazi yake kuu hapa Nairobi ilikuwa kuzika na kuoza, kilimpongeza kwa maombi marefu, na tangu siku hiyo Jumamosi zake zikawa mali ya umma, na gari likajaa nyimbo za harusi mpaka masikio yakamuuma. Kukataa hakukuwezekana. Mtu akimnyima bibi harusi gari, habari hufika kijijini kabla yake, kwamba mtoto wa Khisa siku hizi ni Mzungu. Na siku ya matanga yake mwenyewe, jeneza litakosa mabega. Kwa hiyo hakuwahi kusema hapana. Alisema, "Tutaona," na kila mara walioona ni wao.

Wokovu ulitoka kwa Ndeti, Mkamba aliyekuwa akichomelea mageti na madirisha pale Kawangware. Njia ya kuingia Kabiria ilikuwa tope tupu, kwa hiyo Zedekiah alizoea kuliacha gari ubavuni mwa karakana yake. Ndeti akisaga chuma, cheche ziliruka, vumbi la chuma likatua juu ya ile rangi nyeupe, mvua ikanyesha, na vumbi likageuka madoa.

"Sogeza gari yako, bwana," Ndeti alimwonya. "Itakuwa na madoadoa kama kanga."

"Kanga ni ndege mzuri," Zedekiah akajibu, na kesho yake akaliegesha karibu zaidi.

Basi akalala. Jumamosi ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Hakuna bibi harusi aliyetaka kupanda kanga.

Ijumaa moja alasiri, ndio kwanza anavua viatu, ikabisha hodi kamati ndogo ya harusi. Chama hakikuweza kununua hata chumvi bila kamati ndogo. Mbele alikuwa Mwalimu Zadock, mwenyekiti, mtu ambaye hata kukuomba kiberiti huanza na "ndugu zangu". Nyuma yake Nakhumicha, mke wa binamu yake Zedekiah, kabeba ndoo. Namalwa, mpwa wa Mwalimu, alikuwa anaolewa kesho yake.

"Gari ina kutu," Zedekiah akasema haraka kabla hajaulizwa. "Kumpakia Namalwa humo ni kumtukana."

"Kutu!" Mwalimu Zadock akacheka. "Ndugu Zedekiah, tulimwondoa mkoloni. Kutu ni nini?"

"Mkoloni hakuota juu ya boneti, Mwalimu."

"Mulamwa, vaa viatu," akasema Nakhumicha, kwa sauti ya shemeji asiyejadiliana, na mjadala ukaisha.

Wakatembea mpaka Kawangware. Nakhumicha alilizunguka gari, akaguna, akatua ndoo. Ndani yake mlikuwa na majivu, mchanga na magunzi ya mahindi. Sufuria za mama huyu zilijulikana Kabiria nzima. Alizianika nje ili majirani wajitazame na waone haya; alizisugua kwa mchanga na majivu mpaka masizi yenyewe yakatubu.

"Hii ni sufuria kubwa tu," akasema, akachota mchanga.

Zedekiah alisimama kama mtu aliyefika njia panda. Akinyamaza, mchanga ule ungeikwangua rangi mpaka kwenye bati, na gari lisingefaa hata harusi ya punda. Jumamosi zote zingekuwa zake. Kunyamaza tu: hajawahi kupewa kazi nyepesi kama hiyo. Akafumba macho. Akasikia sauti ya kwanza, kwaruu, ukingoni mwa boneti.

"Mulamwa, wacha! Utaua gari!" akajisikia mwenyewe akimpigia shemeji kelele.

"Sasa itolewe na nini?"

"Na limau!"

Ndeti akazima mashine yake ili asikie vizuri.

"Limau," Mwalimu Zadock akarudia polepole. "Kumbe dawa unaijua."

Jibu lilikuwa limeshamtoka Zedekiah. Nakhumicha akaenda sokoni, akarudi na malimau. Zedekiah akavua shati. Kwanza aliliosha gari kwa maji mengi, kwa sababu mchanga uliobaki hukwaruza. Kisha akakamua limau juu ya kila doa, akangoja ukali wake uile kutu, akapangusa kwa kipande cha fulana kuukuu, akasuuza kabla maji ya limau hayajakaukia kwenye rangi. Doa kaidi alilirudia, taratibu, bila kusugua kwa nguvu. Mgongo ulimuuma pale pale panapoumwa na kreti. Wenzake walikalia mageti ya Ndeti wakimtia moyo, kazi ambayo kamati ndogo huijua sana.

"Umeacha moja hapo, mulamwa."

"Nimeiona."

"Na hapo."

"Huyo ni nzi."

Ndeti akamsogelea, akamnong'oneza. "Ungeniambia shida yako ni usingizi, ningekutengenezea geti. Geti moja kubwa, halifunguki."

Jua lilipokuwa likielekea Kinoo, Anglia ilikuwa nyeupe kuliko nia ya mtu yeyote aliyekuwapo. Mwalimu Zadock akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, kutu imeshindwa! Chama kinatambua kwamba gari hili liko tayari, si kwa kesho tu, bali kwa Jumamosi zote mpaka Krismasi. Kabla ya maombi, tumkaribishe dereva wetu wa maharusi atoe nasaha zake kwa taifa."

Wakapiga makofi. Zedekiah alikikamua kitambaa, akayatazama maji ya kahawia yakinywewa na mchanga.

"Nitakuja," akasema. "Lakini ndani ya gari mtu asiimbe."