Birika Lililobaki Greenbelt

Tuliondoka Woodbridge kwa sababu ya birika. Ni la shaba, lina tundu dogo kitakoni, na hata ungenipa bure ningekuomba upunguze kidogo. Lakini timu za klabu mbili za curling, yetu ya huku Virginia na ya wenzetu wa Greenbelt, Maryland, hulishindania kila msimu, na majina ya washindi huchongwa ubavuni mwake.

Kwa msioujua mchezo huu huko nyumbani: unasukuma jiwe la kilo kama ishirini juu ya barafu, linateleza mpaka kwenye duara la upande wa pili, linaloitwa nyumba. Wenzako wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu ili lifike mbali zaidi. Jiwe lililo karibu na kitovu ndilo lenye pointi. Ndiyo, ni watu wazima. Ndiyo, kwa fagio.

Mechi ya Oktoba, iliyochezwa kwetu, tulitoka sare, ikabaki ya marudiano kwao. Novemba, mzee Walt wa upande wao akafariki. Mjane wake, Bi Ruth, ambaye ndiye nahodha wao, alitupigia simu akasema hawatatafuta mtu wa kuziba nafasi. Watacheza watatu, sheria inaruhusu. Na kwa kuwa Walt alicheza ile ya Oktoba, wakishinda jina lake litachongwa. Miaka saba alilishindania birika hilo, na miaka saba akaliona likiondoka na timu nyingine. Sisi wanne nasi hatujawahi kulitia mkononi. Tulikwenda huku kila mtu akijua hivyo.

Saa moja asubuhi, Woodbridge. Papa Ilunga, Mkongo mwenye gari, alitaka tutoke saa kumi na mbili. Mimi nilianzia saa mbili, tukakubaliana katikati. Mvua ya vuguvugu ilikuwa imenyeshea theluji ya wiki nzima, na ukungu ulitanda barabarani mpaka ukawa huoni nambari ya gari la mbele. Springfield tuliwapakia wawili: Dada Neema, nahodha wetu, nesi kutoka Moshi, na Mutua wa Machakos, ambaye haamini kitu asichoweza kukieleza. Nilihesabu watu: wanne. Nikahesabu tena: wanne. Wananicheka kwa hilo, lakini mimi niliuza viatu vya mitumba Nakuru miaka tisa, na najua jozi inavyogeuka kuwa viatu viwili vya kushoto ukifumba jicho moja.

Kwenye daraja la Potomac hatukuuona mto. Hatukuona chochote. Papa Ilunga alizima redio ili aone vizuri, na hakuna aliyemcheka.

Nje kidogo ya Greenbelt, saa tatu kasorobo. Bi Ruth alitupokea mlangoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alituomba radhi: mashine ya kukausha hewa ya ukumbi ilikuwa imekufa jana yake, na tulipofungua mlango wa ndani tukaelewa. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka kwenye barafu mpaka kifuani.

"Ukungu iko hata ndani ya nyumba?" Papa Ilunga aliuliza, bila kumwuliza mtu yeyote.

Neema alimwambia Bi Ruth wanaweza kuahirisha, sisi hatuna neno. Akajibu kwamba Walt hakuwahi kuahirisha mechi, hata ile siku ya harusi yao.

Kabla ya kuanza, wachezaji hupeana mikono na kutakiana mchezo mwema. Nilipewa mikono mitatu. Mawe nayo yalikuwa kumi na sita, manane kila upande. Vyote nilivihesabu, mnajua mara ngapi.

Raundi ya kwanza hadi ya tano. Ukirusha jiwe, lilimezwa na weupe, kisha ukasikia limegonga jingine huko usikokuona, na sauti ya nahodha ikakuambia limefanya nini. Tuliwaamini, nao wakatuamini. Raundi ya pili ndipo niliposikia. Watu watatu maana yake ni hivi: mmoja anarusha, mmoja amesimama kwenye nyumba kuelekeza, anabaki mmoja wa kufagia. Ufagio mmoja. Lakini jiwe lao lilipopita kwenye ukungu nilisikia fagio mbili. Mmoja ulikwenda mbio. Wa pili ulikwenda polepole, na kila ulipofika mwisho ulitoa mlio mdogo: tik.

Nilimwuliza Mutua.

"Ni mwangwi, buda. Hili jumba ni bati tupu."

Nikamwambia mwangwi gani unaoturuka sisi. Sisi tulifagia wawili, na nikasikia wawili. Wao walifagia mmoja, na nikasikia wawili. Mutua akasema nikazane na mchezo.

Raundi ya sita, ya mwisho. Tano kwa tano. Jiwe lao lilikuwa limekaa vizuri, hatua moja kutoka kitovuni, na limebaki jiwe moja tu, la Neema. Papa Ilunga alisimama nyumbani kuelekeza. Bi Ruth alisimama nyuma yake, kama ilivyo haki ya nahodha wa upande wa pili. Wafagiaji tulikuwa mimi na Mutua.

Neema alilisukuma likaja taratibu, zuri. Nusu ya njia Mutua akateleza, nikasikia mgongo wake ukifika chini na matusi ya Kikamba yakifuatia. Nikaendelea peke yangu. Niliingia kwenye weupe, nikavuka mstari wa mwisho kabla ya nyumba, nikifagia kwa nguvu zote, na ng'ambo ya jiwe, upande wangu wa kushoto, mtu mwingine akaanza kufagia. Polepole. Tik. Tik.

Niliinua macho nimwone. Sikuona mtu. Na hapo ufagio wangu ukaligusa jiwe, kidogo tu, kama unavyogusa sufuria kujua kama bado ni ya moto.

Jiwe likasimama karibu na kitovu kuliko lao. Papa Ilunga akainua mkono: letu. Bi Ruth alilitazama, akavua glavu, akaanza kuninyooshea mkono wa pongezi.

Mchezo huu hauna refa. Kugusa jiwe ni kosa, na ukiligusa unajitaja mwenyewe. Nikahesabu mashahidi. Mutua yuko chali. Neema yuko mita arobaini ndani ya ukungu, pamoja na wachezaji wawili wa Bi Ruth. Ilunga na Bi Ruth walikuwa wakitazama kitovu. Sifuri. Nikahesabu tena. Sifuri. Nikaanza kupatana na nafsi yangu: kwamba lilikuwa linafika tu, kwamba miaka yote hiyo nasi tumengoja, kwamba marehemu hahitaji birika. Ilikuwa bei nzuri. Nilikaribia kuchukua.

Nyuma yangu, mara moja tu: tik.

"Nimeligusa," nikasema.

Neema alikuwa ameshafika. "Basi mwambie Bi Ruth mwenyewe, kaka Njoroge. Uamuzi ni wake."

Ni kweli, ukigusa jiwe lililokwisha kuvuka mstari wa mwisho, upande wa pili ndio unaochagua: kuliacha au kuliondoa. Nilimweleza Bi Ruth. Hakuuliza kama nina hakika. Aliuliza ni nini kilichonifanya niinue macho. Nikamwambia nilisikia ufagio.

"Upande gani?"

"Kushoto. Unalia mwishoni."

Mutua akatufikia akichechemea.

"Ile mara moja tuliyokaribia kushinda," Bi Ruth akasema, "Walt aligusa jiwe, hakuna aliyeona, akajitaja. Nilimnunia wiki nzima."

Kisha akaweka kiatu chake kwenye jiwe letu, akalisukuma polepole mpaka likatoka nyumbani.

Saa sita, mezani. Ni desturi: walioshinda huwaletea chai walioshindwa, na kila mchezaji huketi mkabala na mwenzake wa nafasi ileile. Mimi hucheza nafasi ya pili. Walt naye alicheza ya pili. Kwa hiyo mbele yangu palikuwa na kiti kitupu, na Bi Ruth akaweka pale kikombe kilichojaa, bila maelezo. Tulicheka, Mutua akaigiza alivyoanguka, birika likazungushwa na kila mtu akaonyeshwa mahali jina la Walt litakapochongwa. Nilikitazama kile kikombe karibu muda wote. Sikuona mkono ukikigusa.

Nilisaidia kukusanya vyombo. Watu saba, vikombe vinane. Vyote vinane vilikuwa vitupu. Nilivihesabu tena pale kwenye sinki, nikamgeukia Bi Ruth. Alikuwa akifuta birika.

"Hakupenda kumwaga chai," akasema.

Saa nane, safari ya kurudi. Ukungu ulikuwa umeinuka, na safari hii mto tuliuona, wa kijivu na wa kawaida kabisa. Neema alisema msimu ujao tutalichukua kihalali, na kwamba asingetaka kulibeba lile la leo. Mutua aliuliza kama kweli nilisikia kitu. Nikamwambia ni mwangwi, akanishukuru.

Ninyi wa nyumbani mlitaka kujua nimejifunza nini huko. Nilidhani kuhesabu mara mbili ni kujilinda na wengine. Siku ile kulinilinda na mimi mwenyewe, na kwa shida. Jingine ni dogo. Kabla hatujatoka Greenbelt, Papa Ilunga aliuliza kutoka kwenye usukani kama tumetimia. Nikahesabu: wanne. Akangoja, kwa kuwa ananijua.

"Washa gari," nikamwambia. Sikutaka kuhesabu tena.