Mume wa Kuitikia Amina

Kwa miaka ishirini na sita, kazi ya Fundi Springi katika maombi ya nyumbani kwake ilikuwa neno moja tu. Kila asubuhi kabla ya chai mkewe aliomba, akianzia kwa wagonjwa, akapitia ukoo mzima, na fundi, macho kafumba kwa sababu zisizo za kiroho hata kidogo, alingoja sauti ya mkewe ishuke ndipo aitikie, "Amina." Hata akisinzia hakukosea pa kuitikia. Aliamini kwa dhati kwamba Mungu anamfahamu kama yule bwana anayekuja na yule mama.

Alikuwa fundi wa makochi. Kibanda chake kilijaa sponji, misumari midogo na makochi ya watu yaliyovuliwa vitambaa yakabaki mbao. Kila mteja aliambiwa aje Ijumaa. Ijumaa ya mwezi gani, hilo fundi hakulitaja.

Ndipo mkewe akashikwa na kifua kikuu, kile sugu, akalazwa wodi ya kutengwa kwa miezi sita. Vidonge kiganja kizima kila siku, na wageni mwisho wao nje ya dirisha la kioo. Mwezi wa tatu ulipoanza, Jumapili baada ya ibada, nesi alimpokea fundi kwenye ngazi.

"Baba, mkeo amegoma. Juzi hakumeza, jana hakumeza. Akiendelea hivi tutampoteza. Zungumza naye."

Fundi alifika dirishani. Mkewe alikuwa amekaa kitandani, kampa mgongo, kikombe cha vidonge kando yake.

"Mama watoto, meza dawa."

"Nimechoka. Zinanitapisha, masikio yanavuma. Hata kuomba nimeacha. Nikimaliza, kimya. Naona kama naongea na ukuta."

"Si naitikia kule nyumbani kila asubuhi, peke yangu?"

"Unaitikia nini, na hujui nimeomba nini?"

"Kwani nilipokuwa karibu nilikuwa najua?"

Mkewe hakucheka. Hapo fundi akaogopa kwelikweli, maana mwanamke huyu alicheka hata msibani.

"Leo omba wewe," alisema mkewe bila kugeuka. "Mimi niitikie."

"Nimwite mchungaji?"

"Yule ataomba mpaka dawa zipitwe na muda. Nimesema wewe."

Kioo kilikuwa kizito, kwa hiyo ilibidi apaze sauti. Wanawake watano wa vitanda vingine waligeuza shingo. Fundi akavua kofia, akakohoa, akaikunja kofia, akaikunjua.

"Ee Bwana Mungu wetu," alianza, kisha akanyamaza avute pumzi. Kimya kile mdomo wake ulikijua vizuri. Kabla hajauzuia ukafanya kazi yake ya miaka yote: "Amina!"

Wodi ikaangua kicheko. Mabega ya mkewe yakatikisika, na fundi akadhani analia mpaka alipogeuka. Alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Hujaomba kitu, wewe mwanamume!"

Fundi alipandwa na hasira, na hasira ikampa maneno.

"Bwana, mimi ni mwongo. Nawaambia watu Ijumaa, unanijua. Lakini na wewe umezidi! Tunakuomba mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Sasa najua wateja wangu wanavyojisikia. Huyu mwanamke ni wako, sawa, ila anayeishi naye ni mimi, na ile nyumba haikaliki. Mponye. Ukitaka kwenda polepole nenda, nitangoja, lakini usimwache katikati. Nampenda. Sijawahi kumwambia mbele za watu, na leo unanipigisha kelele dirishani kama mchuuzi."

Akaishiwa. Safari hii alifunga mdomo kwa nguvu, akangoja.

"Amina," alisema mkewe, na wale watano wakaitikia pamoja naye. Fundi machozi yakamtoka bila aibu. Kioo kilikuwa palepale, lakini alijua kwamba yeye na mkewe walikuwa mbele za Mungu mmoja, pamoja kuliko asubuhi zile alizokuwa akisinzia.

Bibi wa kitanda cha mlangoni akainua mkono. "Baba, mume wangu yuko mbali, hawezi kuja. Mtaje na yeye."

"Na mwanangu!" akadakia mwingine.

Fundi akafumba macho, akaanza upya. Katikati ya kumwombea yule mwana wa watu akafumbua jicho moja. Mkewe alikuwa ameshika kikombe, anameza kimoja kimoja, uso umekunjamana. Fundi akalifumba haraka, akaendelea. Alipowamaliza wagonjwa akawaombea manesi, akamwombea mfagiaji, mlinzi wa getini, mpaka paka wa jikoni, maana kikombeni vilikuwa vimebaki vidonge vinne.