Mbegu Tatu za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kwenye lori amekumbatia kopo la mbegu, na neno lake la kwanza katika kijiji kipya lilikuwa kwamba hakai. Ulikuwa wakati wa operesheni ya vijiji. Tulitolewa kwenye mji wetu upande wa Sepuka, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Ihanja, kila kaya na kiwanja chake. Kule tulikotoka bustani ilikuwa nyuma ya zizi, udongo mweusi wa samadi ya miaka na miaka. Hapa tulipewa udongo mwekundu, mgumu kama sakafu.

Mbegu zile zilikuwa za mumunye la shingo ndefu, lile ambalo likikomaa na kukauka hutobolewa likawa kibuyu cha maziwa. Mama mkwe alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa. Aliniambia mbele ya mume wangu: "Mkwe, mbegu hii ikishika hapa, nitakaa. Ikikataa, basi ardhi imenikataa na mimi. Narudi mahameni kwangu." Mahame yale hayakuwa tena na paa wala jirani. Mwanamke wa umri wake kwenda kuishi kule peke yake ilikuwa ni kwenda kufa, na yeye alijua hivyo. Nilimpenda mama yule, ingawa ulimi wake ulikuwa pilipili. Nikaapa kwamba mbegu itashika.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikapanda. Miche ikatoka mizuri, halafu asubuhi moja nikaikuta imelala, imekatwa mashinani. Nilipofukua nikamwona mwizi: funza mnene wa rangi ya udongo, amejikunja amelala. Bwana shamba alituambia anaitwa sota.

Habari ilienea mstari mzima kabla sijamaliza kunawa mikono. Kijiji chetu kilizoa watu wa kila upande, na kila mtu alikuja na dawa ya kwao. Mmoja alisema majivu. Mwingine alisema mkojo wa ng'ombe uliolazwa siku tatu. Mwanamke mmoja aliyetokea Iguguno aliniletea tumbaku niiloweke. Jirani yangu wa mkono wa kulia, mzee aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, alisema nichomeke vijiti viwili kuubana kila mche, sota ashindwe kulizunguka shina. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi, kwa kuogopa kumuudhi mtu, nilitia dawa zote, siku moja, kwenye tuta moja. Baada ya siku mbili miche iliyosalia ilikuwa imeungua yote, na sota hawakuwa na kazi tena.

Mama mkwe hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alimimina kopo kiganjani. Zilikuwa zimebaki mbegu tatu.

Wakati tunangoja mvua nyingine, nilianza kuona vishimo vidogo kwenye lile tuta, kana kwamba mtu amepita akichokoa kwa kidole. Nikawalaani panya. Lakini jioni moja, jua likiwa linazama, nikamwona mwenyewe akitoka chini ya ua wetu wa miiba: kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mifupi mgongoni, ambaye ukimgusa hujikunja akawa mviringo. Aliingiza pua udongoni, akatoa sota, akamtafuna kwa kelele bila adabu yoyote. Kesho yake nilipekua tuta zima nikapata sota mmoja tu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya pili balozi aliingia uani na kikapu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekukamatia mharibifu wako. Huyu hapa, anakufukulia tuta. Lakini ana faida yake. Ngozi yake ikifunikwa juu ya mbegu, hakuna mbegu inayokataa kuota."

Mama mkwe akainuka kwenye kigoda. "Hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mungu ametukumbuka. Leta kisu, mkwe."

Sikuleta. Nilikichukua kile kikapu nikakipakata. Kwetu mkwe hambishii mama wa mumewe, tena mbele ya mgeni, na nilisikia uso wote ukiniwaka. Lakini mbegu zilikuwa tatu, na zikipotea yeye ndiye angepotea.

"Mama, ngozi itabariki mbegu. Mche ukishatoka, sota ataliwa na nani?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nivunjike mimi, mama, mbegu zipone."

Balozi alikohoa, akatazama pembeni. Nikaenda kufukua kwenye kona ya kiwanja, nikarudi na sota watatu, nikawatupia kikapuni. Kalunguyeye alibaki amejikunja. Tukasubiri. Uji wa mama mkwe ukapoa jikoni. Mwishowe pua ikachomoza, ikanusa, na tukasikia anatafuna, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mlafi huyu," akasema mama mkwe. Akarudi kukaa kigodani. "Mwachie. Lakini zisiposhika, wewe ndiye utakayenibebea mzigo wangu mpaka mahameni."

Nikakubali, nikamrudisha kalunguyeye chini ya ua. Safari hii sikuiachia bahati kazi yangu. Nilikwenda mahameni kwa miguu mara nne, nikarudi na samadi kavu kichwani, shingo ikikakamaa. Katika dawa zote nilichagua vijiti tu, na balozi alikuja kunichomekea mwenyewe. Mbegu moja haikuota kabisa. Mche wa pili uliliwa na mbuzi wa balozi huyo huyo, akaja kuomba radhi kofia mkononi. Wa tatu ulitambaa ukapanda ua, ukachanua maua meupe, ukazaa mumunye moja. Majirani walikuja kulitazama mikono ikiwa nyuma, kwa sababu mumunye changa likinyooshewa kidole huoza. Mimi nililiwekea nyasi chini, nikalikagua kila alfajiri, na mtoto aliyelisogelea alinikimbia.

Lilipokauka kiangazi, mama mkwe alilikata mwenyewe. Shingo yake ilikuwa imebanwa na tawi la miiba, ikapinda kama kiwiko. Alilizungusha mikononi, akaligonga kwa ukucha, akalitikisa sikioni.

"Halifanani na la kule hata kidogo," akasema.

Nikaanza kuwaza jinsi nitakavyomfungia mzigo.

Alitembea mpaka upande wa pili wa ua, akakanyaga udongo kwa kisigino kuupima. "Mwakani tupande huku. Miiba isije ikalipinda tena."

Sikuyaamini masikio yangu. "Mwakani, mama?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa.

"Kwani wewe unahamia wapi?"