Siku Niliyomaliza Maji ya Endarasha

Wueh, hii aibu siipendi, lakini wacha niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Endarasha, maana huko bado inasimuliwa (na si kwa kicheko).

Kazi yangu ni kupima kama mradi utasimama wafadhili wakishaenda. Siku hiyo nilitoka Nyeri na bosi wangu kuangalia mradi wa maji wa akina mama wa Endarasha, na ukipita, bomba lingeongezwa mpaka shule ya msingi. Nilitakiwa nipande kwanza hadi chanzo, huko juu msituni, lakini jua lilikuwa kali, akina mama walikuwa wamepika mukimo, na harufu ilikuwa imeshanifikia, kwa hivyo nikasema, "Tuangalie tu mfereji, huko juu si lazima."

Nikafungua koki ya mfereji, maji yakatoka kwa nguvu, nami badala ya kufunga nikauacha wazi nikaanza hotuba, ati "Bosi, haya ndiyo maji yasiyokatika!", huku yanamwagika tu mchangani na akina mama wanaangaliana, mpaka mwenyekiti wao, Mama Wairimu, akanivuta koti, "Kijana yangu, funga kwanza," nikamjibu, "Wacha bosi ajionee, mama" (kichwa kikubwa hivi, ndani hakuna kitu), nikaendelea kusifu hadi mfereji ukakohoa, ukanyamaza.

Mtoto mmoja akacheka, akazabwa kofi.

"Maji imeenda wapi?" bosi akauliza.

Mama Wairimu alikuwa analia. "Ndovu walivunja bomba huko juu. Tuliogopa mkijua mtatunyima bomba ya shule. Hii maji tumeleta na punda kutoka mtoni, tukajaza tangi, ndio wageni wasikose. Ilikuwa yetu na ya ng'ombe, wiki yote."

Aki nilitamani ardhi inimeze. Mukimo nililetewa, na maji ya kunawa pia, kidogo kwa kikombe, na sikuweza kumeza hata tonge moja.

Bosi yeye aliona uongo tu. "Andika mradi umeanguka," akasema akielekea kwa gari. Nikamkimbilia. "Mkubwa, bomba ikivunjika inarekebishwa! Ningepanda juu ningeiona, ningekuambia mapema, na hawangekuwa na haja ya kuficha."

"Lakini hukupanda."

Nikaandika. Siku hizi napanda hadi chanzo hata nikiwa na njaa ya kufa, na naapa sitawahi tena kufungua mfereji wa watu bila kuwauliza. Kazini wananisifu kwa bidii. Watoto wa ile shule bado wanaenda darasani kila mmoja na mtungi wake wa maji.