Kanze wa Londri na Hesabu ya Taulo

Vivian alisoma wiki moja tu. Jumatatu ya pili akapata kazi ya kuuza manukato katika duka moja la Nyali, akavaa sare nyeusi, akajipulizia yale ya kuwajaribishia wateja, na habari ya kozi ikaishia hapo.

Aliyelipa ada ya miezi mitatu ni mama yake, Kanze. Alikuwa amesikia redioni mtu mwenye sauti nzito akisema kwamba kazi za siku hizi ziko kwenye data, na kwamba waajiri wanawatafuta wachanganuzi wa data kama watu wanavyotafuta maji mifereji ikikauka. Kanze, ambaye nyumba yake ya Magogoni ilikuwa imekaa siku tisa bila tone, alielewa papo hapo. Akamwandikisha bintiye. Sasa binti ananukia vizuri na kiti kiko kitupu.

Siku yake ya mapumziko akajifunga leso akaenda chuoni kudai haki yake. Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Mwalimu alikuwa msichana wa bara aitwaye Jerioth, mwenye miwani mipana na nywele zilizosukwa kwa uzi wa zambarau.

"Sasa, mathe!" Jerioth akamwamkia.

Kanze akamtazama kuanzia juu hadi chini, akarudi tena juu. "Mwanangu, huku kwetu mtu mzima haambiwi sasa."

"Pole, mum. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua ada ya Vivian."

Jerioth alinyoosha kidole ukutani, palipobandikwa karatasi yenye herufi kubwa: ADA IKISHALIPWA HAIRUDISHWI. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno kwamba nafasi inaweza kupewa mtu mwingine wa familia. Kanze alisoma juu, akasoma chini, akasoma tena chini.

"Kiti chake ni kipi?"

"Kile cha dirishani."

"Basi nitakikalia mimi."

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi katika londri ya hoteli moja ya Shanzu, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ndiye mkubwa wa londri. Kwa kugusa shuka tu aliweza kusema kama mgeni alilala au alijigeuzageuza akiwaza. Kompyuta alikuwa ameziona sana, pale mapokezi, lakini alizozigusa alizigusa kwa kitambaa cha vumbi.

Kwa hiyo wiki za kwanza za kusoma baada ya zamu zilikuwa balaa. Kanze alikishika kipanya kama anavyokamua suruali ya jinzi, na vipanya viwili vikafa mikononi mwake kabla ya Jumamosi ya kwanza. Jerioth akampa cha tatu akimwambia, "Huyu, mama, mbembeleze tafadhali." Kisha yakaja maneno yenyewe.

"Haya, kila mtu aandike namba moja kwenye seli ya B nne," Jerioth akasema.

Kanze akainua mkono. "Abee, mwalimu. Hiyo B nne ni ya kituo gani cha polisi?"

Darasa zima, vijana kumi na wanne wa umri wa Vivian, likaangua kicheko. Kanze naye akacheka, maana asingecheka angelia. Jioni mumewe, Ruwa, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Changamwe, alipomuuliza amesoma nini leo, alimjibu, "Leo nimeshinda seli." Ruwa akaacha kutafuna.

Kanze alikuwa amekwisha kuamua kuacha kozi. Angemaliza wiki, amrudishie Jerioth kipanya chake kikiwa hai, na abaki na mashine zake za kufulia. Lakini wiki hiyohiyo kule hotelini kukaingia meneja mpya, Bwana Bramwel, mtu wa tai ndefu na hatua fupi. Siku ya tatu aliwaita wafanyakazi wote wa londri, akawasomea karatasi.

"Hoteli inapoteza taulo," alisema. "Nyingi. Na taulo hazina miguu. Anayezishika mwisho ni nani?"

Akaikunja karatasi, akajijibu mwenyewe.

"Ni londri. Kuanzia leo, watu wa londri watapekuliwa mikoba getini."

Kanze alikuwa mama wa kanisa. Alikuwa amelea watoto watatu, akakunja taulo zisizohesabika, na hakuwahi kutoka na hata uzi. Alasiri ile askari wa getini, ambaye kila siku humwita mama, aliingiza mkono mkobani mwake huku ameangalia pembeni kwa aibu, akatoa mihogo miwili ya kuchemsha na kitabu cha nyimbo. Kanze alipanda tuktuk hadi Magogoni bila kusema neno, na dereva, aliyemzoea kwa maneno yake, akamuuliza kama kuna msiba.

Jumamosi Jerioth akatoa kazi. "Kila mtu alete data ya maisha yake. Kitu unakijua. Tutakichambua."

Vijana walileta magoli ya mpira na idadi ya watu wanaowafuata mitandaoni. Kanze alileta gunia. Ndani yake mlikuwa na madaftari ishirini na sita, na katika kila daftari, kwa mwandiko wake wa mviringo, mlikuwa na kila taulo iliyotoka londri na kila iliyorudi, siku kwa siku, chumba kwa chumba, kwa miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyemwagiza. Alipoupata ukubwa wa londri alianza tu kuandika, kwa kuwa hakupenda kuulizwa jambo akakosa jibu.

Jerioth alifungua la kwanza, akafungua la pili, akavua miwani. "Mathe... samahani, mama. Unajua hii ni kitu gani? Watu hutafuta data kama hii miaka na hawapati! Lakini ni chafu. Itabidi uisafishe kwanza."

"Chafu?" Kanze akasimama. "Madaftari yangu?"

"Sio hivyo! Hapa umeandika taulo kubwa, hapa umeandika T.K., hapa bafu. Kompyuta inadhani ni vitu vitatu. Pia kuna siku umeandika mara mbili. Hiyo ndiyo tunaita kusafisha data. Hata wale wanalipwa vizuri, siku nyingi wanashinda wakisafisha."

Kanze akaketi polepole. "Kwa hiyo kazi hii inayotafutwa na dunia nzima, nyingi yake ni kufua?"

"Ukisema ukweli, ndiyo."

"Aka! Sasa kwa nini hukuniambia mapema?"

Tangu siku hiyo hakumkera tena mwalimu kwa maswali ya seli. Aliingiza madaftari yake kwenye kompyuta, matatu kwa wiki, akatenga yanayofanana, akaondoa yaliyojirudia, na palipokuwa na doa alikwenda kuuliza wenzake wa londri. Gladys wa mapokezi, rafiki yake wa siku nyingi, alimpa orodha ya shughuli za hoteli: siku za harusi, siku za watalii, siku za mikutano. Jerioth akamwonyesha namna ya kuiunganisha orodha hiyo na taulo zake. Kisha akamwambia abonyeze pale pa kuchora grafu.

Kanze akabonyeza, kwa upole kabisa. Kwenye kioo ikasimama miaka kumi na mmoja ya mwandiko wake, imekuwa nguzo za buluu, fupi na ndefu, zimejipanga kama watu waliokuja kutoa ushahidi. Machozi yakamtoka. Vijana wakadhani amefuta kazi yake kwa makosa, wakaja mbio kumsaidia.

Jumatano iliyofuata alibisha mlango wa Bwana Bramwel akiwa na karatasi aliyochapisha kwenye saiba, duka la intaneti.

"Mama Kanze, nina wageni wa semina ukumbini. Fupisha."

"Nimefupisha, bosi. Miaka kumi na mmoja iko kwenye karatasi moja."

Bramwel akaichukua. "Hii ndefu ni nini?"

"Taulo zilizopotea siku ya semina."

"Na hii?"

"Semina."

"Na hii iliyogonga juu ya karatasi?"

Kanze akakohoa kidogo. "Hiyo ni ile semina ya siku tatu ya maadili na uadilifu kazini."

Bramwel akageuka kutazama upande wa ukumbi. Semina hiyo hufanyika kila mwaka, na ya mwaka huu ndiyo iliyokuwa ukumbini wakati ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifungua kwa hotuba.

"Huenda ni bahati mbaya tu," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Nimezitoa siku za semina, bosi, nikahesabu upya. Zinabaki taulo mbili zinazopotea kwa mwezi. Na moja ya mwezi wa Novemba humwendea mzee mmoja wa Kijerumani, mgeni wetu wa kila mwaka, ambaye huiomba kabisa, nasi humpa."

Siku ya pili yake, basi la wageni wa semina lilipokuwa limewasha injini, Bramwel alimtuma Gladys apande. Gladys alikuwa na sauti ya asali. "Wageni wetu wapendwa," akasema, "tumegundua kuna taulo zilizoingia mizigoni kwa bahati mbaya. Basi litaondoka zikishashuka."

Bwana mmoja wa makamo, aliyekuwa bado amevaa kitambulisho cha mtoa mada, akafungua begi lake akisema alidhani ni zawadi. Baada yake zipu zikaanza kulia kila upande. Zilishuka taulo kumi na tisa, majoho mawili ya kuogea, mto mmoja na birika la umeme. Mlangoni pa basi alisimama Kanze na daftari jipya.

"Asante, baba. Chumba namba ngapi?"

"Namba ya chumba ya nini tena?" mtoa mada akauliza.

"Ya kuweka kwenye seli."

Bwana yule akashika mlango wa basi kwa mikono miwili. Ilibidi Gladys amletee maji na kumweleza kwamba ni seli ya kompyuta.

Upekuzi wa mikoba ulikoma siku hiyohiyo, na Bramwel, ambaye si mtu mbaya, aliwaomba watu wa londri msamaha mbele ya kila mtu, tai yake ikiwa imepinda. Kanze alipopata cheti chake alipewa meza katika ofisi ya juu na kazi ya kuchambua maji, umeme na mayai ya kiamsha kinywa. Ofisi hiyo ina kiyoyozi kikali. Huvaa sweta la Ruwa na kufunga leso mbili, na kila siku saa nne asubuhi hushuka londri kidogo kuota joto na kukagua mikunjo.

Habari zake zikafika kanisani. Mchungaji akamwomba amchoree, kwa faida ya kundi, grafu ya watu wanaochelewa ibada. Mashemasi walikuwa wameandika majina mlangoni mwaka mzima. Kanze aliisafisha data ile vizuri, akabonyeza kwa upole, na nguzo zikasimama. Moja ilizipita zote mara mbili. Akainama kusoma jina lililo chini yake. Lilikuwa la mke wa mchungaji.

Akazima kompyuta. Jumapili alimwambia mchungaji kwamba mashine imeingiwa na virusi, wakaiombea.